Kuni za Porini Kwenye Banda la Kinyonga, Kobe na Chatu: Usiingize Tawi Kabla Hujasoma Hapa

Niko huku Mbebe, wilayani Ileje, mpakani kabisa na wenzetu wa Malawi. Mada ya leo kuna watakaocheka, maana nataka kuongelea kuni. Siyo za kupikia lakini. Naongelea tawi au gogo unaloliokota porini ukaliweke ndani ya banda la kinyonga, kobe, mjusi au chatu, ili mnyama apande, ajifiche na ajikune.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimpelekea jamaa yangu mmoja, mwenye banda lenye kibali ambalo wanafunzi huwa wanakuja kuangalia, tawi la mkahawa. Lilikuwa tawi zuri sana, limepinda vizuri, lina vijitawi vingi, mtu ungedhani limechongwa. Nikalifuta vumbi kwa kitambaa, basi, tukalifunga ndani. Siku ya nne kinyonga mmoja akasusa chakula. Siku ya sita tukamkuta chini, macho yamedidimia. Wa pili hakumaliza wiki. Kuja kuulizia, tawi lile lilikatwa kwenye shamba lililokuwa limepigwa dawa ya kutu ya majani muda mfupi tu nyuma. Hakuna aliyewapima wale vinyonga, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni dawa. Ila swali sikuuliza na tawi sikuliosha, hilo halina utetezi.

KABLA YA YOTE: KIBALI

Hapa sizunguki. Kinyonga, kobe na chatu ni wanyamapori, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumkamata na kumfuga nyumbani kwa sababu tu kamkuta shambani kwake. Unahitaji kibali, na wa kuulizwa ni TAWA au ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Chatu yupo kwenye Orodha ya II ya mkataba wa CITES, na vinyonga wetu wa Tanzania wapo humo pia. Yule kobe bapa wa kwenye mawe alipandishwa hadi Orodha ya I mwaka 2019, maana biashara ilikuwa inammaliza.

Nasema hivi kwa sababu sisi tuko karibu na Tunduma, na maneno ya "kuna mnunuzi anataka vinyonga" hayaishi. Serikali ilizuia kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016. Juni 2022 likatoka tangazo la kulegeza zuio hilo kwa muda, na halikukaa siku nyingi, waziri akalisimamisha. Kwa hiyo anayekuja na hela mkononi akikwambia "siku hizi imeruhusiwa", mwambie akuonyeshe karatasi.

Makala hii basi ni ya wenye vibali: mabanda ya maonyesho, shule, vituo vya utafiti, na ndugu zetu walioko ughaibuni ambao kwao kufuga mjusi sebuleni ni jambo la kawaida. Na mbao nazo zina wenyewe. Kuokota ukuni mkavu pembeni ya shamba lako hakuna shida, ila ndani ya hifadhi ya msitu ni eneo la TFS, na msitu wa kijiji una kamati yake. Uliza kwanza.

KWANI LAZIMA MTI?

Kuna wanaoweka bomba la plastiki au nondo wakaona wamemaliza. Mwangalie kinyonga miguu. Ana vidole vitano kila mguu, lakini vimeungana kuwa mafungu mawili, moja la vidole viwili na lingine la vitatu, vinashika kama koleo. Koleo lile limeumbwa lishike kitu chenye mkwaruzo. Kwenye bomba laini anateleza, anakaza misuli siku nzima, anachoka, anaanguka. Unene unaomfaa ni ule ambao mguu wake unazunguka nusu ya tawi au zaidi kidogo. Kwa hiyo weka matawi ya unene tofauti, asishike kipimo kimoja kutwa.

Huku kwetu nyanda za juu tuna vinyonga wa milimani wanaopenda ubaridi na ukungu. Yule wa pembe tatu wa milima ya Poroto na Rungwe wanasayansi wanamwita Trioceros fuelleborni, jina alilopewa mwaka 1900 kutokana na daktari wa Kijerumani Friedrich Fülleborn. Kinyonga wa namna hiyo anataka vijitawi vingi vyembamba vilivyosokotana, siyo gogo moja nene. Kinyonga wa kawaida wa bondeni, huyu tunayekutana naye kwenye mahindi, habagui sana.

Nyoka yeye anahitaji gogo kwa kazi nyingine. Akitaka kujivua gamba anaanza kwa kusugua pua na midomo kwenye kitu kikavu chenye mikwaruzo. Banda likiwa la saruji tupu na kioo, utakuta gamba limetoka vipandevipande, na kipande kimebaki juu ya jicho. Kobe anachotaka ni gogo lenye uvungu ajifiche jua. Kenge anataka gogo zito la kukwaruza kucha.

WAPI PA KUPATA

Mimi napenda mto. Songwe ukifurika masika unabeba mizizi na visiki kutoka milimani, na maji yakipungua unaviacha kwenye mchanga, magome yameshatoka, kona zimelainika. Ule mto hautulii mahali pamoja, unahama kitanda chake (ndiyo maana Tanzania na Malawi wanao mradi wa pamoja wa bonde lake), kwa hiyo kila mwaka kuna kingo mpya na kuni mpya. Ukishuka hadi Ziwa Nyasa, upande wa Matema, ufukweni unakuta vipande vimesuguliwa na mawimbi mpaka vimeng'aa. Ziwa Nyasa ni maji baridi, hivyo hakuna chumvi. Wa Tanga, Bagamoyo au Lamu wanaookota ufukwe wa bahari wana kazi ya ziada: loweka wiki mbili au tatu, unabadilisha maji, mpaka ukigusa kwa ulimi huonji chumvi.

Ila mto nao una ubaya wake. Unapita kwenye mashamba na chini ya vyoo vya watu. Ukuni wa mtoni uhesabu kuwa ni mchafu hata kama unaonekana mweupe kama mfupa.

Chanzo cha pili ni mashamba ya kahawa. Mkulima akikata visiki ili mibuni ichipue upya, anabaki na lundo la matawi magumu, mazito, yasiyo na gundi. Kwa ubora wa mti, mkahawa ni namba moja kwangu mpaka leo, pamoja na yale yaliyotokea. Tatizo siyo mti, tatizo ni dawa. Kahawa inapigwa dawa za shaba kwa ajili ya kutu ya majani na chulebuni, na wengine wanaweka viuatilifu vya wadudu juu yake. Ukiona rangi ya bluu ya mrututu kwenye maungio ya matawi, liache hapohapo. Kama huoni, muulize mwenye shamba amepiga nini na lini, na hata akikujibu vizuri chagua kisiki cha ndani kilichofunikwa na udongo na magome, magome yote yakatoke. Kuchemsha kunaua mdudu, shaba haifi kwa moto.

UNAVYOOKOTA

Hapa ndipo watu wanapoumia kabla hata mnyama hajaumia. Gogo kavu lililolala ni nyumba ya watu. Kifutu analala pembeni yake na hakimbii, anakutegemea wewe umkanyage. Chini yake kuna nge na tandu, ndani ya uwazi anaweza kuwemo swila. Usiingize mkono usikoona. Vaa buti, chukua fimbo ndefu au jembe, na ukiligeuza gogo lifungulie upande wa pili: wewe simama nyuma, livute kuja kwako, ili kilichopo chini kikimbilie kule mbele na gogo libaki kati yenu. Mzee Ionides, yule Mwingereza wa Liwale waliyemwita Bwana Nyoka, aliyefariki mwaka 1968, alikamata maelfu ya nyoka maishani mwake na aliumwa mara kadhaa. Kama yeye aliumwa, wewe mwenye kandambili je?

Ukishalipata, lipige chini mara tatu nne. Likilia kavu, "ko", zuri. Likilia bubu au likitoa unga, limeoza au lina bungua. Bonyeza kwa kucha: kucha ikizama, tupa. Tafuta vitundu vidogo vya mviringo vyenye unga mpya laini pembeni, hao bungua bado wapo kazini. Mchwa nao ukiwaona usijidanganye kwamba utawaosha.

Chukua ukuni mkavu uliokufa siku nyingi. Ukikata mbichi utasubiri miezi kadhaa ukauke, na unyevu wa ndani ukikutana na joto la taa ya banda mti unapasuka na kuota ukungu.

MITI GANI, NA IPI UKIMBIE

Nitaje ile ninayoiamini. Mpera ndio rafiki wa vinyonga: mgumu, magome yake ni laini lakini hayatelezi, na matawi yake yamejipinda kiasili. Mkahawa nimeshausema. Miti ya miombo huku kwetu, myombo wenyewe pamoja na mkusu, inafaa kwa magogo ya chatu na kobe, ila itatoa rangi nyingi kwenye maji, usishtuke. Mianzi mikavu ni mizuri kwa kupita juujuu lakini inateleza, ikwangue kwa msasa mkali au izungushie kamba ya katani, na uzibe matundu ya miishoni maana nge wanapapenda.

Sasa ya kukimbia. Kwanza kabisa mnyaa, ule wa uzio wenye utomvu mweupe. Utomvu wake unaunguza ngozi na ukiingia jichoni unaweza kupofusha kwa muda. Kwa ujumla mti wowote wa jamii yake unaotoa maziwa ukiukata, achana nao. Mbono kaburi na mbarika vilevile. Oleanda, lile ua la mapambo linalopandwa kwenye mabustani ya ofisi na hoteli, lote ni sumu, kuanzia jani hadi mti.

Paini na saipresi zina gundi na mafuta yenye harufu. Gundi ikipata joto la taa inayeyuka, inanata kwenye ngozi na macho, na harufu yake kwenye banda lililofungwa inasumbua mapafu. Mnajua nyanda za juu zilivyojaa paini, kwa hiyo ndiyo mbao ya kwanza fundi atakayokuletea. Mwambie hapana. Mierezi ni mibaya zaidi kwa nyoka, harufu ileile inayofukuza nondo kabatini ndiyo inayowadhuru. Milingoti (mikaratusi) watu wanabishana. Iliyokauka miaka na kupauka juani, haina harufu, wapo wanaoitumia bila tatizo. Mimi siitumii, maana miti ipo mingi.

Mwarobaini ni kiuatilifu kinachosimama. Mparachichi majani yake yanajulikana kuwadhuru mbuzi na ndege, kwa hiyo naukwepa wote. Mwembe mbichi utomvu wake unawasha, mkavu kabisa uliochunwa magome hauna neno. Migunga ina miiba, na mwiba mmoja uliosahaulika unatosha kumpofua kinyonga.

Mti usioujua jina, usiutumie. Waulize wazee, huku kwetu Wandali na Walambya wanaujua kila mti kwa jina na kazi yake. Mzee akikwambia "huu hata jikoni hatuuwashi", umeshapata jibu.

KUUSAFISHA

Anza pakavu. Kwangua magome yote yaliyoachia kwa kisu au kipande cha panga. Gome lililoshikamana kabisa unaweza kuliacha kwa ajili ya kinyonga, ila kwa nyoka mimi navua lote, maana chini ya gome ndipo utitiri na mayai ya wadudu yanapojificha. Sugua kwa brashi ngumu, nyufa zote pitisha msumari. Usitumie sabuni ya unga wala ya maji, mti unainywa na hutaitoa tena.

Halafu loweka. Pipa la lita 200 lililokatwa linatosha, ila liwe halikubeba mafuta wala dawa. Weka jiwe juu mti uzame. Siku ya kwanza maji yatakuwa kama chai ya rangi. Hiyo ni tanini, ileile inayotumika kulainisha ngozi za ng'ombe. Kwa kinyonga haina madhara makubwa, lakini bakuli la maji litakuwa jeusi na wageni watauliza. Badilisha maji kila siku, siku tano hadi kumi, mpaka yabaki meupe au njano kwa mbali.

Sasa moto, na hapa nitakaa kidogo.

Njia ya uhakika kuliko zote kwa mtu wa kijijini ni kuchemsha. Swali ni muda gani. Kipimo kizuri tunacho hapohapo Tunduma, kwenye malori. Angalieni yale mapalleti ya mbao yanayobebea mizigo kwenda Zambia na Kongo, yana muhuri wenye herufi HT. Maana yake mbao imepashwa moto mpaka katikati ya kiini chake ikafika nyuzijoto 56 na kukaa hapo dakika 30 mfululizo. Hicho ni kipimo cha kimataifa kilichopitishwa mwaka 2002 ili wadudu wa mbao wasivuke mipaka. Ukiona MB badala ya HT, mbao hiyo ilifukizwa kwa gesi ya methili bromaidi. Usiikate kuwa ngazi ya mjusi, hata uipewe bure.

Neno muhimu hapo ni "katikati". Maji yanaweza kuwa yanatokota na kiini cha gogo bado ni vuguvugu, kwa sababu mti ni mbishi kupitisha joto (ndiyo maana mwiko hauunguzi mkono). Tena sisi wa milimani tujue kwamba maji yetu yanachemka mapema: kwenye mwinuko wa mita 1,500 yanatokota kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100. Bado ni joto la kutosha kabisa, ila usihesabu dakika za mtu wa Dar. Mimi tawi la unene wa kidole gumba nalichemsha saa moja, la unene wa mkono saa mbili, la unene wa paja saa tatu na zaidi, na nahesabu kuanzia maji yanapotokota, siyo ninapowasha moto. Lisilozama lote naligeuza katikati ya muda. Sufuria hilo lisirudi jikoni. Watambaao wengi wana salmonela kwenye matumbo yao bila kuumwa, na watoto ndio wanaopata tabu.

Mwenye tanuri la mikate anaweza kuoka kwenye nyuzi 120 kwa saa mbili, mti ukiwa mkavu, na yeye akiwa amekaa pale. Usiondoke. Mti mkavu ukizidishiwa joto hautoi taarifa, unawaka. Mikrowevu sahau kabisa. Walioko ughaibuni wenye friza kubwa hugandisha vipande siku kadhaa, inasaidia kwa wadudu, bakteria inawalaza tu usingizi.

JIK: NDIYO NA HAPANA

Wengi mtaniambia "si naweka JIK tu?" Jamani, JIK ni nzuri kwenye sakafu na bakuli. Kwenye mti ina mambo matatu. Klorini inaishiwa nguvu ikikutana na uchafu, na mti wenyewe kwake ni kama uchafu. Pili mti unainywa, kisha unaitema polepole ndani ya banda, na pua ya mjusi iko sentimita mbili kutoka hapo. Tatu, kuna kijidudu kinaitwa kriptosporidiamu, kinachokondesha nyoka na mijusi mpaka kufa, na kile hakijali klorini hata kidogo. Kinachokiua ni joto na ukavu.

Kwa hiyo JIK naitumia kwa gogo kubwa tu lisiloingia kwenye pipa. Safisha kwanza, kisha changanya kipimo kimoja cha JIK na vipimo tisa vya maji, paka, acha dakika 10 hadi 15, suuza mara tatu kwa maji mengi, kisha mwagia maji yanayotokota mara kadhaa, halafu juani. Fanyia nje penye upepo. Usichanganye kamwe na siki, dawa za choo au chochote chenye amonia, ile gesi inaua mtu. Gogo haliingii bandani mpaka uweke pua juu yake usisikie chochote, na hiyo kwa kawaida ni wiki mbili za jua.

Kuna ujanja mwingine wa gogo kubwa: liviringishe kwenye nailoni nyeusi likiwa na unyevu kidogo, liweke juu ya bati juani wiki mbili za kiangazi. Linapikika humo ndani. Siyo kwa uhakika kama pipa, lakini pamoja na maji ya moto linasaidia.

KUKAUSHA

Watu wanaharibu hapa kwa haraka. Ukuni uliotoka kwenye pipa ukiuingiza kesho yake, ndani ya siku tano unaota manyoya meupe. Uweke juu ya mawe mawili hewa ipite chini, geuza kila siku, usiku ingiza ndani umande usiurudishie maji. Juni mpaka Septemba huku kwetu wiki mbili zinatosha kwa matawi. Masika usijisumbue, au utundike juu ya jiko ila mbali na moshi, maana mti wenye masizi na moshi haufai.

Ukishakauka pitisha msasa kwenye vibanzi, kata ncha kali. Usipake vanishi, rangi wala mafuta ya mbegu.

KUUFUNGA

Chatu mkubwa ni mzigo, na mzigo unaotembea. Gogo lisimame kwenye sakafu yenyewe, siyo juu ya mchanga, maana kobe au kenge akichimba chini yake litamwangukia. Tawi la juu lifungwe kwa skrubu kutoka nje ya ubao wa banda, au kwa waya ambao ncha zake umezikunja. Gundi ya moto na misumari inayochungulia havifai. Lipime kwa kuning'inia wewe mwenyewe kwa mkono mmoja: likikuhimili wewe, chatu halimshindi.

Taa ya joto iache umbali. Kama ukiweka kiganja juu ya tawi chini ya taa huwezi kuvumilia nusu dakika, basi na kinyonga ataungua, na yeye hajui kuondoka mapema, wengi huungua mgongo wakiwa wametulia tu.

UTITIRI, NA HABARI YA CHURA WA KIHANSI

Watu wakiona utitiri mweusi kwenye nyoka, vijidudu kama chembe za pilipili manga, wanalaumu mti wa porini. Mara nyingi siyo. Utitiri wa nyoka huja na nyoka mgeni, au na gogo lililotoka kwenye banda la nyoka mwingine. Gogo la kurithi ndilo la kuogopa zaidi, kwa sababu linakuja limeshazoea wenyeji. Nalo lipite kwenye pipa kama jipya. Mti wa porini shida yake ni kupe, siafu na dawa za mashambani. Siafu wachache wanatosha kummaliza kinyonga usiku mmoja akiwa hana pa kukimbilia.

Wanaoona namaliza kuni kwa wasiwasi bure wakumbuke Kihansi. Wale vyura wadogo wa manjano waliishi sehemu moja tu duniani, kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi. Bwawa la umeme lilipopunguza maji mwaka 2000, vyura 499 walipelekwa Marekani. Waliobaki walianza kuongezeka, kisha mwaka 2003 wakaanguka ghafla, na ukungu wa chytrid, ugonjwa wa ngozi wa vyura, ukakutwa pale. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Mia moja walirudishwa Dar es Salaam mwaka 2010, na kuanzia 2012 wakaanza kurejeshwa Kihansi. Chura siyo mtambaao, najua, lakini mambo ya vijidudu ni yaleyale: vinapanda kwenye kitu chenye maji, buti, ndoo, gogo, vinahama. Kwa hiyo ukuni uliotoka bandani kwako usiutupe mtoni wala msituni. Nao ni hatari kwa walioko porini kama wa porini walivyo hatari kwa wako.

UKISHAINGIA

Kinyesi kikwangue siku hiyohiyo. Kila mwezi au miwili toa matawi, sugua kwa maji ya moto, anika. Wiki za kwanza ukiona ukungu mweupe kidogo, futa na uongeze hewa, mara nyingi unaisha wenyewe. Ukiwa mweusi au wa kijani na mti unanuka kama pishi la viazi, toa. Mnyama akifa kwa ugonjwa usioeleweka, matawi yake yote choma moto, hata lile lililokugharimu safari ya Matema. Na ukitaka kujua amekufa kwa nini, SUA kule Morogoro wana madaktari wa mifugo na maabara. Sisi tungewapeleka wale vinyonga wawili leo nisingekuwa nakisia.

Matawi membamba yanakaa mwaka mmoja au miwili, magogo ya mkahawa na mkusu miaka mingi zaidi. Siku kidole kikianza kuzama kwenye mti, muda wake umeisha. Ulichopaka JIK kichome nje, usikipeleke kwenye mafiga kupikia ugali.